Maswali ya Upande wa Nane

Mwezi ule Mji wa Kale ulikuwa na kesi moja tu mdomoni, na mshitakiwa alikuwa santuri.

Si santuri moja, ni nne, zimetiwa katika mkoba mmoja wa karatasi ngumu, pande nane kwa jumla, na juu ya mkoba limeandikwa jina la Jamaldin Kadenge kwa herufi nyekundu. Huyu Jamaldin alikuwa mtu wa watu. Kwa miaka kumi na zaidi hapakufanywa harusi ya haja toka Bondeni hadi Kibokoni asiitwe kuimba. Mchana alikuwa karani wa ghala kule Shimanzi, akihesabu magunia yanayoingia na yanayotoka. Penye harusi alivaa kanzu, akaketi baina ya udi na fidla, na wanawake wakatokwa na machozi mpaka wanja ukawachuruzika. Kwa hiyo alipotangaza kwamba atatoa santuri nne kwa mpigo, watu walizinunua kabla ya kuzisikiza. Ndivyo tulivyo sisi, hununua kwanza, tukalalamika baadaye.

Walipoziweka kwenye gramafoni hawakusikia udi wala fidla. Walimsikia Menza, mpagazi mmoja wa Shimanzi, akipiga kasha la chai kwa viganja na kipande cha chuma kwa msumari, kwa mwendo uleule wanaotembelea wapagazi wakiwa na mzigo mgongoni. Na juu ya mwendo ule Jamaldin haimbi. Anasema. Anasema mbiombio, maneno yakikanyagana visigino, mara yakitangulia mbele ya kasha, mara yakibaki nyuma kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani. Anasema habari za jua la ghalani, za vumbi la unga kwenye kope, za marehemu mama yake Mbodze aliyekuwa akitwanga mtama wa watu kwa ujira. Vina vinakuja vinapotaka. Mizani ndiyo usiulize.

Na huo upande wa nane ndio uliozidi. Kwanza kasha linapigwa peke yake, mtu hasemi. Kisha Jamaldin anasema neno moja, ananyamaza. Kasha linaendelea. Anasema jingine, ananyamaza tena. Hivyo hivyo mpaka mwisho, pande la maneno na pande la shimo, pande la maneno na pande la shimo.

“Yuwajibu asiloulizwa!” alisema Mwalimu Kamaludin siku ya kwanza, na neno lake likazunguka mji mzima kabla ya magharibi.

Mwalimu Kamaludin alikuwa mkuu wa baraza la mbele ya hoteli ya Bwana Badi, mlango wa pili kutoka msikitini. Alikuwa amefundisha watoto wa watu miaka thelathini, tumbo lake limetangulia mbele yake kama tarishi, na alikuwa akihesabu mizani kwa vidole hata akisalimiwa. Ukimwambia “Sabalkheri, Mwalimu,” utaona kidole gumba kinatembea. Mtu wa namna hii ukimpa upande wa nane umemtukana. Ijumaa iliyofuata alitoa shairi kwenye ukurasa wa washairi wa gazeti letu, na watu wakalihifadhi:

Waungwana sikizani, nina neno nitasema,
Huu wimbo wimbo gani, hauna hatua nzima,
Una mashimo ndiani, na mwenda kwao hukwama,
Bora kinu cha mtama, kina mizani kamili.

Hapo penye kinu watu waliteka sana hadi mbavu zikawauma, maana kila mtu alimjua aliyekuwa akitwanga.

Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Wengine walimjibu Mwalimu kwa bahari ileile na vina vilevile, kama ada inavyotaka, wakaongeza chumvi. Mmoja akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mmoja akasema santuri zile zimeharibika kiwandani na mwenye duka arudishe pesa za watu. Redioni walicheza upande mmoja, wakaukatiza katikati wakasoma bei za samaki. Gazeti moja la Nairobi lilisifu, lakini lilisifu kama mtu aliyeonyeshwa mkoba tu. Hata ustadh mmoja wa Bondeni aliyekuwa akimkemea Jamaldin kila mwaka kwa ajili ya vinanda, safari hii alisema alau vinanda hamna, na sifa ile ikamuumiza Jamaldin kuliko matusi yote.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa hajasema, naye ndiye waliyekuwa wakimngoja: Nahodha Mkavu.

Hilo ni lakabu. Kwa miaka minne Nahodha Mkavu alikuwa akiandika kwenye ukurasa ule, na hakuna aliyejua ni nani. Alikuwa na kalamu kali na jicho lisilopepesa. Wengine walisema ni kadhi mstaafu wa Lamu, wengine wakasema ni baharia mzee aliyechoka na maji, ndiyo maana ya ukavu. Mwalimu Kamaludin mwenyewe, ambaye hakuwa akimwogopa mtu, alikuwa akifungua gazeti kwa kutanguliza bismillahi.

Nahodha Mkavu hakuwahi kupanda chombo hata kimoja. Alikuwa mwanamke, jina lake Mwanakuu, mjane wa miaka thelathini na minane, na alikuwa akikaa ghorofani kwa ndugu yake Aidarus, ng'ambo ya uchochoro, mkabala na baraza lenyewe. Dirisha lake lilikuwa juu ya vichwa vyao. Akitaka kujua wakosoaji wanasema nini alikuwa hana haja ya gazeti. Alikuwa akifungua ubao mmoja wa dirisha, akaendelea kuchambua mchele wake.

Aidarus, ambaye alikuwa fundi wa kanzu na duka lake liko chini ya nyumba, ndiye aliyekuwa akizipeleka bahasha gazetini. Alimpenda dada yake na alimwonea fahari, lakini fahari ya kufungiwa sandukuni. Siku ya kwanza kabisa walikubaliana: siku mji utakapojua, Nahodha atakuwa amekufa maji. Mwanakuu alikubali. Alikuwa hana kingine. Aliolewa mtoto, akarudi mjane, na katika umri wake wote Nahodha ndiye mtu pekee aliyepata kusikizwa akisema.

Jumatatu ile Aidarus alipanda ngazi akihema, na mkoba wenye herufi nyekundu chini ya kwapa.

“Dada, watu wangoja,” alisema. “Mwalimu Kamaludin asema Nahodha akinyamaza, amekubali maneno yake. Nimekuazimia na gramafoni. Wewe husemi neno la kuambiwa, nakujua.”

“Waiweka wapi sasa? Hapo ni pa unga.”

“Nitaiweka tini, sakafuni. Sikiza, kisha uandike. Alhamisi nataka bahasha.” Akasita mlangoni. “Na ujue kitu kimoja. Yeye Jamaldin yuwaambia watu Nahodha ndiye aliyemtia njia hino. Asema karatasi ya Nahodha iko mfukoni mwake miaka miwili.”

Mwanakuu aliupokea mkoba. Aliijua ile karatasi. Miaka miwili nyuma alikuwa ameandika, katika beti saba zisizo na kasoro, kwamba nyimbo za Jamaldin Kadenge ni nyumba iliyofagiwa vizuri na kupakwa chokaa, taa zinawaka, lakini ukibisha hodi hamna mtu. Aliyaandika yale kwa hasira. Hasira yenyewe hakuwahi kumweleza mtu, maana angeanza wapi?

Aidarus aliporudi kwenye cherehani yake, Mwanakuu alizisikiza pande saba huku akikuna nazi. Alizipenda. Hilo nalisema wazi ili msimdhanie vingine: alizipenda kwa akili yake ya Nahodha, kabla ya moyo kuingilia. Alisikia kwamba mizani ya zile pande saba haikuvunjika, imehama tu, imetoka vidoleni imekwenda miguuni, na asiyebeba mzigo hataihesabu. Alimsikia Mama Mbodze kabisa, na mchi wake. Akasema moyoni, Mwalimu, hiki kinu ulichokitukana ndicho kilichomo.

Kisha akaweka upande wa nane.

Kasha. Kimya cha mtu. Halafu ile sauti: “Nimekuja na gunia.”

Kifuu cha nazi kilimponyoka.

Zamani za utoto wake, nyumba hii ya baba yao ilipakana ukuta na nyumba ya vyumba vya kupanga, na chumba cha mwisho, kile cha uani, alikaa Mbodze na mwanawe. Baba yake mtoto, Kadenge, alikuwa mpagazi; mzigo ulimwangukia akafa kijana. Kwenye ukuta ule, karibu na jiko la kina Mwanakuu, chokaa ilibanduka na jiwe moja likalegea. Ukilisukuma unapata tundu la kupita sauti na kidole. Walianza Mwanakuu akiwa na miaka minane, Jamaldin tisa. Jamaldin alikuwa akigonga jiwe mara tatu, akauliza, “Upo?” Naye hujibu, “Nipo.” Hapo mchezo ulikuwa umefunguka. Mwanakuu ndiye muulizaji. Umekuja na nini? Nimekuja na gunia. La nini? La chumvi. Na mvua ikinyesha? Nitabaki na gunia. Na gunia likioza? Nitabaki na mgongo. Basi pita, husema Mwanakuu, na kupita kwenyewe kulikuwa kidole kimoja cha shahada cha Jamaldin katika tundu, akakishika, wakateka. Mchezo wa watoto, hauna kichwa wala miguu. Lakini waliucheza miaka minane, na kufikia mwaka wa mwisho walikuwa hawateki tena.

Mwanakuu alipotimia miaka kumi na sita, Jamaldin alimtuma mjomba wake kuposa. Baba yake Mwanakuu alimkaribisha mgeni kahawa, akamsikiza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema binti yake haendi kwa mpagazi mwana wa mpagazi, na mwimbaji juu yake. Mwezi haukwisha Mwanakuu akaozwa mfanyabiashara wa Malindi, mtu mwema, mtu kimya, aliyemweka vizuri kama vile anavyoweka stakabadhi zake. Mungu hakuwajaalia mtoto. Aliporudi, mume amekufa na eda imekwisha, ukuta wa jikoni ulikuwa umepigwa lipu mpya. Alipapasa kwa kiganja hakulipata hata jiwe lenyewe.

Tangu hapo alimsikia Jamaldin kwenye gramafoni za hoteli, akiimba maua ya watu na mato na nyusi za watu, na kila wimbo aliufungulia ubao wa dirisha akitafuta neno moja, moja tu, la kule ukutani. Hakulipata. Ndipo alipoandika kwamba hamna mtu.

Sasa mtu alikuwamo. Mwanakuu alikaa sakafuni kati ya machicha ya nazi, akairudisha sindano mwanzo wa sahani. Kasha lilipopiga peke yake, midomo yake ilifunguka yenyewe: “Umekuja na nini?” Ikatosha. Haikuzidi pigo wala kupungua. “Nimekuja na gunia,” ikajibu sahani. “La nini?” “La chumvi.” Kila shimo lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha sauti yake, kama kanzu inavyokatwa kwa mwenyewe.

Mwalimu Kamaludin alisema kweli, basi. Mtu yule alikuwa akijibu asiloulizwa. Kosa la Mwalimu ni kudhani kwamba muulizaji hayuko.

Lakini baada ya “Nitabaki na mgongo” mchezo wa ukutani ulikuwa umekwisha, na sahani ilikuwa haijakwisha. Kulikuwa na majibu mengine, ya maswali ambayo Mwanakuu hakuwahi kuyauliza. “Miaka ishirini na miwili.” Shimo. “Nilioa. Tukaachana kwa wema.” Shimo. “La. Sikukasirika.” Shimo. “Nilisimama mpaka vumbi likatua.” Na mwisho wa yote, neno ambalo utotoni lilikuwa la kwanza, safari hii amelipeleka nyuma kabisa, maana hakuwa na hakika nalo: “Upo?” Halafu kasha peke yake, muda mrefu, mpaka sindano ikafika katikati na kuanza kukwaruza.

Mwanakuu alilia kilio cha kufunikwa na upande wa kanga, kwa sababu Aidarus yuko chini. Alilia kwa hamu. Alimtamani mtu yule kwa mwili na roho, na alikuwa hamjui hata amenenepa au amekonda. Aidarus hana sababu ya kumwita nyumbani karani wa Shimanzi, na mjane hana sababu ya kupita Shimanzi.

Jumanne aliandika utetezi. Beti tisa, vina vimekaa, Mwalimu Kamaludin angesalimu amri. Jumatano alizisoma akazichana. Zilikuwa hukumu tu, na Jamaldin alikuwa amehukumiwa vya kutosha. Kuhukumiwa vizuri na mtu asiye na jina ni kuachwa palepale. Akajaribu kunyamaza. Hilo nalo halikuwezekana, kwa kuwa kila saa Bwana Badi alikuwa akiuweka upande wa nane ili wateja wateke, na kila saa sauti ile iliuliza “Upo?” chini ya dirisha lake, na watu wazima wanane wakajibu, “Tupo, bwana, twanywa kahawa!”

Hilo ndilo lililomfanya akate shauri. Wajibu mengine, lakini hilo si lao.

Alhamisi alimpa Aidarus bahasha imebandikwa gundi.

“Siku zote nasoma kwanza,” alisema Aidarus.

“Siku hino usome na wenzako.”

Akamtazama. Aidarus alikuwa mtoto wa miaka mitano mwaka wa mwisho wa ukuta, hakukumbuka kitu, lakini alijua sura ya dada yake. “Dada, wewe watuharibia?”

“Sijui, ndugu yangu. Peleka.”

Akapeleka. Mhariri, Bwana Dishon, aliona lakabu ya Nahodha akachapa bila kuhoji, kwa sababu mhariri naye ana watoto wa kulisha na Nahodha huuza magazeti.

Ijumaa, baada ya sala, baraza lilijaa mpaka wengine wakasimama. Mwalimu Kamaludin alilifungua gazeti, akasema bismillahi, akatazama. Akaligeuza nyuma, akalirudisha mbele.

“Hamna shairi,” alisema.

Walidhani anafanya mzaha. Akawaonyesha. Chini ya jina la Nahodha Mkavu hapakuwa na ubeti hata mmoja. Palikuwa na maagizo: Wekeni upande wa nane. Kila msemaji anaponyamaza, someni mstari mmoja. Kisha mistari yenyewe, minane, mifupi, haina vina.

“Nahodha amerukwa na akili,” mtu alisema. “Amechukuliwa na maji.”

“Usilolijua ni usiku wa kiza,” alisema Bwana Badi, ambaye alikuwa na gramafoni na alipenda wateja wakae. “Tuijaribu. Mwalimu, soma wewe, una sauti.”

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasafisha koo, akatia sauti ya madaha, tumbo mbele. Juu, nyuma ya ubao wa dirisha, Mwanakuu alikuwa amesimama tangu adhuhuri. Aidarus naye alikuwa mlangoni pa duka lake, uzi mdomoni.

Kasha likaanza. Mwalimu akasoma, kwa sauti nyembamba ya kike ili watu wateke: “Umekuja na nini?”

“Nimekuja na gunia,” ikajibu sahani.

Waliteka, lakini teko lilikatika kabla ya wakati, maana lilikuwa limeingia sawa.

“La nini?”

“La chumvi.”

“Na mvua ikinyesha?”

“Nitabaki na gunia.”

“Na gunia likioza?” Mwalimu alikuwa ameacha ile sauti nyembamba. Kidole gumba chake kilikuwa kimesimama. Alikuwa fundi, mwacheni fundi. Alijua kitu kinapokaa mahali pake.

“Nitabaki na mgongo.”

“Umelibeba muda gani?”

“Miaka ishirini na miwili.”

Hakuna aliyekuwa akinywa. Muuza kashata alisimama na sinia lake kichwani. Na hapo penye kona ya msikiti alikuwa amefika mtu mwembamba wa shati la kazi, penseli iko sikioni, unga wa ghala umemganda kwenye nyusi, anahema kama aliyekuja kwa miguu toka Shimanzi bila kupumzika. Alikuwa na gazeti limekunjwa mkononi. Walimpisha bila kumtazama vizuri, kwa kuwa masikio yao yalikuwa kwenye sahani.

“Hukupata wa kukutua?” alisoma Mwalimu, taratibu.

“Nilioa. Tukaachana kwa wema.”

“Siku ile nilipopandishwa gari la Malindi, ulikasirika?”

Hapo Mwalimu Kamaludin alisikia kinachomtoka kinywani. Nahodha hakupandishwa gari la Malindi. Wanaopandishwa ni mabibi harusi. Aidarus alitoa uzi mdomoni, akaushika tu.

“La. Sikukasirika.”

Mwalimu aliusoma mstari wa mwisho kwa sauti ambayo wanafunzi wake wa miaka thelathini hawakuwahi kuisikia: “Ulifanya nini?”

“Nilisimama mpaka vumbi likatua.” Kasha, kasha. “Upo?”

Mwalimu akatazama gazeti. Chini ya mstari wa nane palikuwa na weupe wa karatasi. Akaligeuza, akatafuta nyuma.

“Hapa hapana kitu,” alisema kwa wasiwasi, kama mtoto aliyepotelewa na mahali pa kusoma. “Gazeti wamesahau. Hapa hapana jibu.”

Kasha liliendelea. Wakosoaji wote wa Mji wa Kale walikaa wakisikiza shimo, shimo lilelile waliloliteka wiki nne, na safari hii kila mmoja alitaka lijazwe.

Juu yao mbao za dirisha zilifunguka, si moja, zote mbili, zikagonga ukuta.

“Nipo,” alisema Mwanakuu.

Hakupaza sauti. Uchochoro ni mwembamba, haikuhitajika. Alikuwa amejifunika vizuri, uso wazi, na alikuwa hamtazami Mwalimu wala ndugu yake. Aidarus aliinamisha kichwa. Alikuwa ameipoteza siri ya miaka minne kati yake na dada yake, na kesho wateja wangemuuliza, na alijua hivyo. Akaziba macho kwa kiganja, lakini hakusema neno la kumzuia.

Jamaldin alikuwa amesimama katikati ya njia. Sindano ilikuwa imefika mwisho, inakwaruza, na hakuna aliyekumbuka kuinyanyua. Alitazama juu. Alikuwa amekonda, basi. Nywele za pembeni zilikuwa nyeupe, au ni unga.

Mwanakuu akashika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. Ukiitikia “Nipo,” mchezo ndiyo umefunguka, na zamu ya kuuliza ni yake.

“Umekuja na nini?” aliuliza.

Jamaldin alitazama mikono yake. Gazeti lilikuwa limemwanguka zamani.

“Leo sina kitu, Mwanakuu,” alisema mbele ya baraza zima. “Nimekuja mwenyewe.”

Mwalimu Kamaludin, kwa mazoea, alianza kuhesabu vidoleni, kisha akaukunja mkono wake.

“Basi pita,” alisema Mwanakuu.